Jicho Lililofunikwa

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A. Injili: Yohane 9:1-41



Ndugu wasikilizaji wapendwa, leo Mama Kanisa anatupumzisha kidogo katikati ya safari ya Kwaresima. Ni Dominika ya furaha, na padre wenu asubuhi hii huenda amevaa kasula ya rangi ya waridi, rangi ambayo watoto wa parokia yangu hawajaizoea hata leo na huchekeana kila wanaponiona nayo. Injili tuliyoisoma ni ile ndefu ya mtu aliyezaliwa kipofu, aliyepakwa tope machoni, akaenda kunawa katika birika la Siloamu, akarudi anaona. Kabla sijaifikia, naomba mniruhusu nianzie mahali ambapo huenda hamkutazamia padre aanzie: mbele ya televisheni.

Sisi wa Tanzania Bara tulipata vituo vya televisheni mwaka 1994, nami wakati huo nilikuwa frateri. Haukupita muda mrefu, tamthilia za mfululizo kutoka Mexico zikaanza kuingia sebuleni mwa watu. Nakumbuka viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wakilalamika kwamba ikikaribia saa fulani ya jioni, rozari inasaliwa kwa mwendo wa treni. Mmoja wetu aliuliza darasani, kwa uchungu wa kweli, kama mambo hayo si ya kukemewa mimbarini. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, padre mmisionari mzaliwa wa Mexico, mtu wa makamo, mcheshi. Akatuambia tusiwe na haraka ya kukemea tusichokijua. Kisha akatusimulia habari za mwanamke mmoja wa tamthilia ya kwao, nami sijamsahau hadi leo.

Tamthilia hiyo inaitwa Cuna de lobos. Tukiligeuza jina hilo kwa lugha yetu, ni susu la mbwamwitu, yaani kitanda cha kumbembelezea watoto wa mnyama yule mkali. Iliandikwa na Carlos Olmos, ikaonyeshwa Mexico tangu Oktoba 1986 hadi Juni 1987, na inasimuliwa kwamba usiku wa sehemu ya mwisho mitaa ya Jiji la Mexico ilibaki mitupu, kila mtu yuko mbele ya televisheni. Na walichokuwa wanakingojea si harusi ya vijana wawili wapendanao, kama ilivyo desturi ya tamthilia hizo. Walikuwa wanangojea kujua mwisho wa mwanamke mwovu. Jina lake ni Catalina Creel, na aliyemwigiza ni María Rubio, mwigizaji aliyefariki mwaka 2018 akiwa na miaka 83. Mwaka 2019 tamthilia ilitengenezwa upya kwa waigizaji wengine, lakini Wamexico wa umri wangu ukiwatajia jina la Catalina, wanamwona yule wa kwanza.

Catalina ni mke wa tajiri mwenye kiwanda cha dawa. Mume ana mtoto wa kiume aliyezaa na marehemu mke wake wa kwanza, jina lake José Carlos. Catalina naye amemzalia mumewe mtoto wa kiume, Alejandro. Mama huyu ana jicho moja tu. Jicho jingine limefunikwa kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe hulingana rangi na gauni alilovaa. Nyumba nzima inajua lilivyopotea. José Carlos alipokuwa mtoto alikuwa akicheza na pia, ile pia ya mti inayozungushwa kwa kamba, nayo ikamtoka na kumpiga mama wa kambo jichoni. Tangu siku hiyo mtoto amekua akiwa mdaiwa. Kila asubuhi anapokaa mezani kunywa chai, deni lake liko mbele yake, limevaa hariri.

Nanyi mnaosikiliza mmekwisha kukisia. Jicho lile ni zima. Halikupotea kamwe. Catalina analiona kila kitu kwa macho yake yote mawili, ila mbele za watu analifunika moja, ili mtoto wa mwenziwe asiinue kichwa na mwana wa tumbo lake apendelewe. Siku mumewe alipogundua hila hiyo, alimuua kwa sumu. Kutoka hapo mauaji yanafuatana, kwa maana uongo mmoja ukishajengewa nyumba hauna budi kulindwa na walinzi wengi. Kuna binti anayedanganywa kwa ndoa ya uongo ili azae mtoto atakayemfungulia Alejandro mlango wa urithi. Kuna mtoto mchanga anayenyang'anywa mamaye. Sitayasimulia yote. Itoshe kusema kwamba mwishowe Alejandro mwenyewe, yule ambaye kwa ajili yake maovu yote yalifanyika, anaangamia katika mtego ambao mama aliwategea wengine, na mama naye anajimalizia maisha kwa sumu.

Padre yule alipomaliza, frateri mmoja akauliza, "Baba, watu walimchukia sana?" Akacheka. "Walimpenda! Mama yangu mzazi hakukosa hata siku moja kumtazama." Jibu hilo lilitukwaza kidogo wakati ule. Leo silishangai. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake cha Maungamo, anakiri kwamba alipokuwa kijana kule Kartago alivutwa mno na maigizo ya jukwaani, akilia machozi kwa misiba ya uongo ya watu wasiokuwapo, na hali msiba wa roho yake mwenyewe haukumtoa chozi. Mtu aweza kumtazama mwovu wa tamthilia kwa raha kwa sababu mwovu huyo amekaa ndani ya kioo. Ana gauni la thamani, anasema lugha ya mbali, anaua kwa sumu. Mimi siui kwa sumu. Basi nastarehe kitini pangu, nalaani, nakwenda kulala.

Lakini tuondoe sumu, tuondoe kiwanda na hariri, tuangalie kinachobaki. Kinabaki kidonda kilichopona ambacho mwenyewe hataki kijulikane kwamba kimepona. Na hicho, ndugu zangu, sijakiona Mexico. Nimekiona huku kwetu.

Nitawasimulia jambo moja. Sikulisikia katika kitubio. Ningelisikia huko, lingezikwa nami. Nililiona kwa macho yangu, na mwenye kuhusika aliye hai ameniruhusu nilitaje bila jina lake.

Katika parokia moja ya milimani nilikotumikia zamani, palikuwa na mzee aliyetembelea fimbo. Mwanawe wa kiume, alipokuwa na umri wa miaka tisa, alisahau kufunga zizi usiku mmoja. Ng'ombe wakatoka. Baba akawafuata gizani, akatumbukia katika shimo la choo lililokuwa bado linachimbwa, akavunjika mguu. Alilazwa miezi kadhaa, akarudi nyumbani na fimbo. Mtoto yule alikuwa na akili nyingi darasani. Alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali na nyumbani, baba hakumkataza. Aliutazama mguu wake tu, akauliza kwa sauti ya upole ni nani atakayekata majani ya ng'ombe. Mtoto akabaki. Alipotaka kuoa, baba hakukataza pia. Aliigonga fimbo sakafuni mara mbili, akasema nyumba ya kilema haifai kuletewa mgeni kabla haijakarabatiwa. Ukarabati ukachukua miaka. Kijana akavuka thelathini, akaikaribia arobaini, analima, anakamua, anauza maziwa, fedha yote inakwenda mikononi mwa baba.

Alasiri moja nilikatiza shambani kwao kwa njia ya mkato, nikitoka kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu. Nikasikia matawi yanatikisika juu ya mparachichi. Nikainua macho. Mzee alikuwa huko juu, miguu yote miwili imekanyaga imara, anachuma. Fimbo ilikuwa imeegemezwa shinani.

Tulitazamana. Akashuka, na alishuka vizuri kuniliko mimi ningeshuka. Akaichukua fimbo yake. Nikamsalimu, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, Baba Paroko." Akanijazia kapu la maparachichi, nami nikalipokea.

Wapendwa, hapo ndipo panaponiuma. Nililipokea kapu lile na nikanyamaza karibu miaka miwili. Mzee huyo alikuwa mtoaji mkubwa katika ujenzi wa kanisa letu. Mabati ya upande mmoja wa paa yalitoka mfukoni mwake, na sasa nilijua yalitoka katika jasho la nani. Nilijiambia kwamba mambo ya nyumba ya mtu si yangu. Nilijiambia kwamba huenda siku ile mguu ulikuwa umepata nafuu tu. Nilikuwa na macho mawili mazima, nami nikalifunika moja kwa hiari yangu.

Turudi sasa kwenye Injili, maana bila shaka mnaanza kuona kwa nini nimewapeleka Mexico. Injili ya leo inaanza na swali la deni. Wanafunzi wanamwona kipofu, nao hawaulizi jina lake wala kama amekula. Wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa hivyo, yeye au wazazi wake. Wanatafuta mdaiwa. Jicho limepotea, lazima pawepo wa kulilipia. Naye Bwana wetu analikataa swali lenyewe. Si huyu wala si wazazi wake, awajibu. Kisha anainama, anatema mate, anafanya tope. Hakuna mtu anayetozwa chochote. Mwanga unatolewa bure kwa mtu ambaye hakuwa hata amemwomba.

Halafu tazameni upande wa pili wa simulizi. Mafarisayo wanataka kujua kila kitu: nani, lini, kwa nini siku ya Sabato. Wanawaita wazazi wa yule mtu, na wazazi, kwa hofu ya kufukuzwa katika sinagogi, wanajibu kwa uangalifu sana, mwulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Huwa nawahurumia wazazi wale. Mtoto wao anaona kwa mara ya kwanza maishani, nao hawathubutu hata kushangilia. Mwisho wa sura, Yesu anawaambia Mafarisayo jambo zito: lau wangekuwa vipofu kweli wasingekuwa na dhambi, lakini kwa kuwa wanadai wanaona, dhambi yao inakaa palepale. Catalina ni Farisayo aliyegeuzwa ndani nje. Mafarisayo hawaoni, wanadai wanaona. Yeye anaona, anadai haoni. Nafikiri wote wawili wanakimbia jambo moja, nalo ni kunawishwa. Kwa kuwa mtu akienda Siloamu, kitambaa lazima kitoke.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila anayelia anaigiza. Yuko mwanamke anayenisikiliza sasa hivi ambaye amepigwa kweli, na alama anazo. Yuko mtu aliyedhulumiwa shamba na ndugu yake, na shamba halijarudi. Hao wasiambiwe na mtu yeyote, hasa na padre, kwamba wanavaa kitambaa. Kidonda kinachotoka damu kinahitaji dawa na haki. Nasema juu ya kile kilichokwisha kupona, ambacho mwenyewe anajua kimepona, naye anakifunga upya kila asubuhi kwa sababu kimekuwa kiti cha enzi.

Na mtu huanza taratibu sana. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo miaka mingi iliyopita. Nilipona vizuri, namshukuru Mungu na madaktari. Lakini kwa muda mrefu baadaye, mwenyekiti wa halmashauri ya walei alipoanza kuuliza juu ya hesabu za parokia, mkono wangu wa kulia ulikuwa ukienda wenyewe tumboni. Sikusema neno. Niliuweka tu pale, nikakunja uso kidogo. Naye mwenyekiti, mtu mwema, alikuwa akisema, "Pumzika, Padre, tutazungumza siku nyingine." Hesabu zilikuwa safi, nawahakikishia! Ila nilikuwa sipendi kuulizwa. Siku moja niliutazama mkono wangu pale tumboni, nikaona haya.

Lipo tendo jingine katika Injili ya Yohane ninalopenda kulisoma pamoja na hili la leo. Jioni ya siku ya Ufufuko, Bwana anawajia wanafunzi katika chumba kilichofungwa. Hawa ndio waliomkimbia. Kama palikuwa na mtu mwenye haki ya kuingia na vidonda vyake na kuwaangalia watu machoni hadi wainamishe vichwa, ni yeye. Vidonda ni vya kweli na deni ni la kweli. Naye anawaonyesha mikono na ubavu, wala havifuniki, wala haviongezi ukubwa. Lakini neno analolitoa ni la amani. Kisha anawapulizia Roho, anawatuma. Haulizi, "Mlikuwa wapi siku ya Ijumaa?" Baadaye, kando ya ziwa, hata Petro aliyemkana mara tatu hatozwi fidia, anaulizwa kama anapenda. Huwa najiuliza Petro alilala vipi usiku ule.

Sasa nimalize habari ya mzee wangu, maana mnaweza kudhani niliiacha mtini.

Kijana alinijia ofisini siku ya Jumatano ya Majivu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Hakuja kumshitaki baba yake. Alikuja kuomba nimsaidie kuungama ile dhambi ya zizi, na nilipomwambia kwamba mtoto wa miaka tisa aliyesahau kufunga mlango hana dhambi ya kuungama, akasema amekwisha kuiungama kila mwaka tangu Kipaimara, lakini mguu wa baba haujapona. Hilo naruhusiwa kulisema, amelisema mwenyewe mbele ya wengi. Sikuweza kula mchana ule.

Jioni nilimwendea mzee. Nilimwambia kwanza kosa langu mimi, lile la kupokea kapu na kunyamaza. Alinisikiliza akichora chini kwa ncha ya fimbo. Akasema, "Baba Paroko, ukinivua hii fimbo nitakuwa nani?" Sikuwa na jibu la haraka, nami sikujifanya ninalo. Tulikaa hadi giza likaingia. Mkewe akaleta uji, akatutazama wote wawili, akaondoka bila kuuliza. Nadhani yeye alikuwa anajua tangu zamani, kwa vile wenye kuishi ndani huijua kila ngazi ya nyumba.

Ilipita Kwaresima nzima. Juma la Pasaka mzee alimwita mwanawe uani na kumwambia. Mimi sikuwapo, nilisimuliwa na kijana. Hawakukumbatiana. Kijana aliuliza neno moja tu, "Tangu lini?" Baba akasema, "Tangu ulipokuwa darasa la nne." Kijana akaenda kuketi kwenye ukingo wa zizi mpaka ng'ombe waliporudi. Akawakamua, akaweka ndoo ya maziwa mlangoni, akaondoka na basi la alfajiri.

Muda wa miezi minane hakuleta salamu wala shilingi. Mzee alikuja kila Dominika, akakaa kwenye benchi la nyuma, fimbo hakuja nayo. Watu walianza kunong'ona, wengine wakasema ni muujiza, wakaniomba nitangaze. Mzee akasimama mwenyewe baada ya matangazo, akawaambia si muujiza, mguu wake ulipona zamani naye alikuwa akiwadanganya, pamoja na mwanawe. Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Siku mbili kabla ya Noeli, basi la jioni lilisimama barabarani chini ya shamba lao. Kijana alishuka, na nyuma yake akashuka dada mmoja mwenye sanduku kubwa la bati. Mzee alikuwa juu anapalilia migomba. Aliwaona. Aliteremka mteremko ule wote kwa miguu yake, akafika akihema, akasimama hatua chache mbele ya mwanawe bila kujua aseme nini. Kijana naye hakusema. Ndipo mzee akamgeukia yule dada, akamwamkua kana kwamba yeye ndiye mdogo, akalichukua lile sanduku, akaliweka begani, akaanza kupanda nalo.